Uende Landshut mwanangu, na treni ya polepole

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi toka Tanga, sie huku wazima, bibi yako kila siku anauliza we unakula au hauli. Juzi ulivonambia kwenye simu kwamba mwaka mzima huo hujatoka nje ya Munich, chuo na chumbani, chumbani na chuo, basi usiku sikulala vizuri ndo maana nakaa nikuandikie.

Nakuomba mwaka 2027 uende Landshut, ule mji wa karibu na hapo Munich. Pale kuna arusi, ndio arusi kabisa, mji mzima wanaiigiza kila baada ya miaka minne, ya mwisho ilikuwa 2023, mwisho wa Juni mpaka tarehe 23 Julai. Ni arusi ya mwaka 1475, Hedwig binti wa mfalme wa Poland aliletwa kuolewa na Georg mtoto wa mtawala wa pale, yaani safari tu toka Kraków karibu miezi miwili, msichana wa miaka 18, na wanasema siku ya arusi alilia. Karamu ile walichinja ng'ombe zaidi ya 300 na kuku 40,000, hata sisi watu wa pwani na arusi zetu hapo tunakaa kimya! Mimi nilienda 2017, nna miezi mitano tu Ujerumani, nimesimama barabarani watu wanapiga kelele "Hallo!" alafu gari la bi arusi likapita na farasi wake, nikamkumbuka mamangu, nikalia mbele za watu na mama mmoja mzee wa Kijerumani akanishika mkono hakunuliza kitu. Sijamsahau mpaka leo.

Sasa safari. Usipande ICE wala IC, zile treni za kasi za masafa marefu, panda RE au RB, treni za mkoa, toka stesheni kuu, unapita Freising na Moosburg, haifiki hata saa moja. Deutschlandticket unayo, ile tiketi ya mwezi, hiyo imeanza Mei 2023 kwa euro 49 na Januari 2026 imepanda mpaka 63, lakini treni zote za mkoa zinakubali, na mabasi pia, kwa hiyo hununui kitu kingine. Ila ukitaka kuiacha uifute kabla ya tarehe 10 la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena. Wenzio wasio nayo wachange Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya Bavaria, mnaenda mpaka watu watano, na muangalie saa jamani: siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikiendi tangu saa sita usiku, inaisha saa tisa usiku. Mimi ile Ijumaa nilipanda saa mbili na nusu nikijua tiketi ni tiketi, mkaguzi akaja, faini euro 60, hela yangu ya chakula ya wiki mbili. Hata hivyo Jumapili nikarudi tena.

Nenda Jumapili, maandamano ya arusi ni saa nane mchana ila we fika asubuhi kwa sababu treni zinajaa, na humo humo ndani utakutana na wanaume wenye nywele ndefu mpaka mabegani, wamezifuga kwa ajili hiyo maana mawigi hayaruhusiwi. Stesheni iko mbali kidogo na mji, wewe fuata mnara wa kanisa la Martin, mita 130 wa matofali, huwezi kupotea, na ndimo walimofungia ndoa.

Usiku uliotangulia angalia kwenye app ya treni kama kuna Schienenersatzverkehr, maana yake treni hakuna mtapakiwa basi, muda unakuwa mrefu. Na ujue treni ya mwisho ya kurudi kabla hujaondoka, usiache mpaka jioni.

Nenda na yule rafiki yako Mganda, asiende peke yake na wewe usiende peke yako. Bi arusi akipita nipigie video, hata kama huku sauti inakatika, nataka nimwone na nikuone wewe.

Mamako