Kitasa Kizima, Lakini Funguo Ziko kwa Nani?

Wapangaji wapya hutuuliza sana: "Fundi, kitasa chenyewe kizima, nibadilishe cha nini?" Kizima, sawa. Ila funguo zake ziko ngapi, na anazo nani? Mwenye nyumba anao wa akiba. Dalali alipewa mmoja aonyeshee watu nyumba. Mpangaji aliyetoka karudisha mbili, wa tatu aliwahi kumpa shemeji yake na hakuna anayekumbuka. Mwenye nia mbaya hapo havunji kitu. Anaingia kama mwenyeji, anachukua anachotaka, anafunga mlango vizuri, nawe unabaki kumshuku dada wa kazi.

Habari njema ni kwamba mara nyingi huhitaji kununua kitasa kipya. Kama mlango wako una silinda, yaani unatumia ufunguo bapa wenye meno, tunaweza kubadili ufunguo na kuacha kitasa. Ndani ya silinda kuna matundu yaliyopangwa mstari, kwa kawaida matano, na kila tundu lina pini mbili, moja juu ya nyingine, zikikandamizwa na springi. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake huinua kila jozi mpaka mahali pini mbili zinapokutana panalingana na ukingo wa moyo wa silinda, ile sehemu inayozunguka na ufunguo. Hapo ndipo moyo unazunguka. Jozi moja tu ikizidi au ikipungua, unagoma. Mpango huu ni ule ule Mmarekani Linus Yale Mdogo aliousajili miaka ya 1860.

Kwa hiyo tunachofanya ni kutoa pini za chini na kuweka nyingine zenye urefu unaofuata ufunguo mpya. Moyo wa silinda tunausukuma nje kwa kijiti cha unene ule ule, kinachobaki ndani kuzuia pini za juu zisimwagike. Ukimwona fundi anauchomoa hivi hivi, kisha anapiga magoti kutafuta springi kwa tochi ya simu, mtafutie nauli. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kama silinda zako zina tundu la ufunguo la umbo moja, tunaweza kufanya milango yote ifunguliwe na ufunguo mmoja.

Vitasa vya leva, vile vya ufunguo mrefu wenye meno mwishoni, ni hadithi nyingine. Leva ni vibati vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo. Vile vya leva mbili vinavyowekwa vyumbani tusidanganyane: tofauti za funguo zake ni chache mno. Kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi, mwombe jirani ruhusa ujaribu ufunguo wako mlangoni kwake, unaweza kushangaa. Hivyo hatuvifungui kubadili chochote, tunakushauri ununue kipya, na mlango wa nje usishuke chini ya leva tano. Njoo dukani na kile cha zamani tukipime, ili usije ukalazimika kuchimba mlango upya.

Sasa angalia silinda yako kwa nje. Ikichomoza zaidi ya milimita 3 kutoka kwenye kibati chake, ni ndefu kuliko mlango. Katikati yake pana tundu la skrubu, na hapo ndipo pembamba kuliko pote, kwa hiyo inayochomoza hukatika kirahisi mtu akiikaba na kuipinda. Tunapima kutoka kwenye skrubu kwenda kila upande, tunaweka ya saizi yake.

Halafu fremu. Watu hulipa pesa nyingi kwa kitasa, kisha kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kinashikwa na skrubu mbili fupi kama kucha. Teke moja linakitoa na kitasa chako kikiwa salama kabisa. Tunaweka kibati kipana na skrubu ndefu zinazoingia ndani kabisa ya mbao ya fremu. Gharama yake ni ndogo kuliko chochote kingine tunachouza, na ndiyo tunayoomba watu waanze nayo.

Kwa wenye mageti ya nondo yanayofungwa kwa kufuli ndani usiku: ufunguo ukae mahali pamoja ambapo kila mtu nyumbani anapajua, mbali na mkono unaopita dirishani. Moto hausubiri mtu apekue droo.

Kitasa kikianza kukaza, usimwage mafuta ya kupikia. Yanashika vumbi na kugandisha pini. Saga risasi ya penseli, puliza unga wake tunduni. Na ule ufunguo wa nyumba mpya usiupige picha ukauweka status, meno yake yanasomeka na kuchongeka.

Ukituita, tutakuuliza kama nyumba ni yako, na kama umepanga tutaomba kuongea na mwenye nyumba kwa simu. Tuandalie funguo zote ulizonazo, hata zile zinazogoma.