Kwa mpwa wangu, kuhusu kazi ya safu ya mbele

Mpwa wangu,

Najua imekukaa rohoni kwamba Jumamosi nzima, kwenye mechi yenu ya futiboli ya Marekani, mtangazaji hakukutaja, isipokuwa pale mwamuzi alipotupa kitambaa cha njano na kusoma namba yako: umeshika mtu, timu irudi yadi 10. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo vijana wetu wengine huko Marekani waliowekwa kwenye safu ya mbele kwa ajili ya miili yao, na hakuna aliyewaeleza uzito wa kazi yenyewe.

Mko watano, kazi yenu ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mwenzenu mwenye mpira. Ukimtoa senta anayeanzisha mpira, mnaweza kumaliza msimu mzima bila kuugusa. Mabeki mnaopambana nao hubadilishwa, anatoka aliyechoka anaingia mwenye pumzi, lakini ninyi kwa kawaida hubaki walewale hadi mwisho. Mara 60, mara 70 kwa mechi, mnainama na kugongana na watu wa kilo 130. Sekunde chache, kisha tena.

Wengi wanadhani ushupavu ni kutunishiana misuli baada ya filimbi. Hiyo ni hasira, na hasira ndiyo inayokuinua kifua, mikono ikatoka nje ya mabega ya mpinzani wako, ukajikuta umekamata jezi. Ushupavu mimi nauona miguuni. Nimeirudia ile mechi ya mvua, robo ya tatu. Wewe na gadi, yule jirani yako kwenye safu, mlimbana beki mmoja bega kwa bega, halafu ukamwachia gadi, ukamfuata wa nyuma yake. Aliyebeba mpira alikuwa ameshanaswa na wengine wamesimama wakingoja filimbi. Wewe ukaliingia lile rundo, mgongo chini, hatua fupifupi kwenye tope, likasogea kama yadi mbili. Sifa akapewa mbebaji mpira. Kocha wako, nina hakika, aliirudisha video pale pale.

Tangu 2015 ipo Tuzo ya Joe Moore, yenye jina la kocha aliyefundisha safu za mbele za vyuo vya Pittsburgh na Notre Dame. Hapewi mchezaji mmoja, inapewa safu nzima, na hilo peke yake linatosha kunifanya niipende kuliko tuzo nyingine zote za vyuo. Michigan waliichukua 2021 na 2022. Mwaka 2024 ikaenda kwa Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point. Wale ni makadeti, wanaandaliwa kuwa maofisa, na jeshi lina viwango vyake vya uzito, kwa hiyo hawawezi kujazana majitu kama vyuo vikubwa. Wakaishi kwa kukimbia na mpira, kugonga na kugonga tena, hadi kwotabeki wao, yule anayepokea mpira kutoka kwa senta na kuongoza mashambulizi, Bryson Daily, akafunga mara 32 kwa kukimbia msimu huo. Tazama video zao. Angalia jinsi wote watano wanavyoondoka kwa pamoja, na nani bado anamsukuma mpinzani hata mpira ukiwa umeshapita.

Mikono irudishe ndani, hilo ni la mazoezi na litarekebishika. Lakini kuna jambo moja sitaki ulichanganye na ushupavu. Ukigongwa kichwa ukaona kizunguzungu, au taa zikakuumiza macho, mwambie daktari wa timu palepale, hata kama ni robo ya nne na mko nyuma kwa pointi tatu. Senta na gadi wako wawe wanajua hivyo pia, na wewe uwasemee wao wakinyamaza.

Mjomba wako