Wenye ushahidi nao waitwe

Mhariri,

Msimu uliopita mgeni kutoka Ujerumani alishuka mbele ya nyumba yetu ya wageni hapa Jambiani, begi mgongoni, risiti mkononi. Vyumba vimejaa, na jina lake kitabuni halimo. Risiti ina picha ya baraza yetu, hata ule mkeka wa mama uliotandikwa siku tuliyopiga picha. Kumbe mtu kanakili ukurasa wetu, akabadilisha akaunti ya benki tu. Pesa zimekwenda nchi nyengine kabisa.

Tuliripoti polisi. Walitusikiliza vizuri, lakini askari wa huku afanye nini? Jina la aliyefungua ukurasa ule linajulikana na kampuni inayouhifadhi, huko ughaibuni. Aliyezitoa pesa anajulikana na benki. Ushahidi wote umo mikononi mwa watu binafsi, na kumbukumbu hizo hazikai milele zikisubiri barua ya serikali kwa serikali.

Ndiyo maana naufuatilia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao, uliopitishwa Disemba 2024 na kufunguliwa kutiwa saini Hanoi Oktoba 2025. Utaanza kutumika siku 90 baada ya nchi ya 40 kuuridhia. Unataka kila nchi iwe na kituo cha kupokea maombi ya wenzake saa 24, jambo la kheri. Ila kituo hicho kitampigia nani usiku wa manane, ikiwa hakijawahi kukaa na mabenki na kampuni za simu?

Tena mkataba unaruhusu nchi kuombana ushahidi wa kielektroniki kwa kosa lolote ambalo adhabu yake ya juu inafika miaka 4, hata kama halikutendwa mtandaoni. Hapo nataka mawakili na waandishi wa habari nao wawemo kwenye vikao vya mkataba huu, si serikali peke yake. Kinachoitwa kosa kubwa nchi moja, kwengine ni habari ya gazeti.

Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hivyo sauti ya Zanzibar ikusanywe kabla ujumbe wa Tanzania haujapanda ndege kwenda kwenye vikao hivyo. Waitwe wenye nyumba za wageni, mawakala wa pesa za simu, walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Waulizwe wizi unawafikia vipi.

Mgeni wetu tulimtafutia chumba kwa jirani, akalipa mara ya pili. Nakala ya risiti yake iko kwenye droo ya mapokezi. Hajatokea wa kuiulizia.

Mwenye nyumba ya wageni,
Jambiani, Unguja