KICC haina taji la nuru

Mhariri,

Picha za jiji wanazotuma wasomaji wenu wanaojifunza HDR (kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ziwe moja) zina kasoro inayojirudia: KICC, lile jengo refu la mikutano jijini Nairobi, imezungukwa na ukanda mweupe, utadhani sanamu ya mtakatifu, na mawingu juu yake yamechafuka. Lawama hutupiwa programu. Mara nyingi kosa limeshafanyika kwenye kamera: imepigwa picha moja tu, kisha ikalazimishwa kutoa kisichokuwemo. Anga ikishaungua na kuwa nyeupe tupu, mawingu hayarudi tena, na kivuli kikivutwa mno hujaa chembechembe.

Chukua Uhuru Park asubuhi. Jiji liko mashariki ya bustani, kwa hiyo jua hutokea nyuma ya majengo, na kuta unazozitazama ziko kivulini. Weka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, faili ziwe za RAW (data ghafi ya kamera), na modi iwe ya A (kwa Canon ni Av) ili tundu la lenzi libaki f/8. Piga fremu (picha) 3 zinazopishana kwa stopu 2; kila stopu huongeza mwanga mara mbili au huupunguza nusu. Ikiwa ya katikati ni 1/125 ya sekunde, ya giza itakuwa 1/500 na ya mwanga 1/30. Kinachobadilika ni kasi ya shata peke yake. Kwenye otomatiki kamera huweza kubadili tundu, na hapo sehemu zilizo kwenye fokasi hazilingani tena fremu kwa fremu. ISO ya otomatiki pia izimwe. Fokasi iwe ya mkono, kitulizi cha lenzi kizimwe, na taima ya sekunde 2 itumike ili kidole kisitikise kamera.

Kisha kagua histogramu, grafu ya mwanga ambayo kushoto ni giza na kulia ni mwanga: fremu ya giza isibanane upande wa kulia, ya mwanga isibanane upande wa kushoto. Sebuleni, penye dirisha linaloingiza jua kali, fremu 3 huenda zisitoshe, piga 5.

Matatu inayopita Uhuru Highway kati ya fremu na fremu huacha mizimu barabarani. Piga mfululizo bila kupumzika, na wakati wa kuunganisha washa kiondoa mizimu, ambacho huchukua sehemu iliyosogea kutoka fremu moja tu. Majani ya miti ni magumu zaidi. Subiri upepo utulie.

Sasa lile taji, yaani ukanda mweupe. Programu nyingi hulinganisha kila nukta na majirani zake. Ukuta wa giza unapokutana na anga, nukta za anga zilizo karibu na ukuta huhesabiwa kama zimo kivulini, zikaongezewa mwanga. Katika Luminance HDR, ambayo ni ya bure, anza na mbinu ya Reinhard, ambayo ni ya upole. Mbinu ya Fattal huvuta kila kitu na ndiyo inayowanasa wanafunzi. Punguza nguvu, kisha kuza picha hadi asilimia 100 ukague kingo za majengo.

Tena, si kila picha inahitaji haya yote. Saa kumi jioni, papo hapo bustanini, jua liko mgongoni mwako na ukuta umeangazwa: fremu moja inatosha, na HDR hapo itaifubaza tu.

Ombi letu, Mhariri: mnapochapisha picha iliyounganishwa, andikeni chini yake idadi ya fremu, kasi ya shata ya kila moja na saa ilipopigwa.

Wapigapicha,
Ngara, Nairobi