Kwa wapangaji wangu wa Tudor, Mombasa, mliopata sapu, yaani mtihani wa kurudia somo uliloanguka

Wanangu,

Tangu matokeo yatoke mmeacha kupita barazani. Mnazunguka kwa uchochoro wa nyuma, kwenye mapipa ya maji, mkidhani mzee haoni. Mwanzo nilidhani mnakimbia kodi. Mama wa viazi karai pale kona ndiye aliyenifungua macho: "Si kodi, babu. Wameanguka."

Basi nami niwaambie langu. Mwaka 1979 nilikuwa nikisomea umeme, nikaanguka hisabati. Babangu alikuwa kuli bandarini Kilindini, ada yangu ikitoka mgongoni mwake, nami sikuwa na uso wa kumwambia. Muhula mzima nilipiga shati pasi kila asubuhi, nikabeba mkoba, nikaenda kuketi chini ya mibuyu ya ufukweni Mama Ngina kutazama meli zikiingia. Nauli nilikula mihogo. Siku niliyojikaza kusema, nafasi ya kurudia mtihani ilikuwa imeshapita, nikapoteza mwaka kwa alama sita. Babangu hakupiga kelele. Aliuliza kama nimekula, kisha akasema, "Nilijua kitambo. Shati lako linarudi na chumvi ya bahari."

Kwa hivyo kabla ya vitabu, semeni. Pigieni simu aliyewalipia ada, leo, kabla hajasikia kwa jirani. Kisha nendeni kwa mhadhiri na karatasi ya matokeo mkononi, mumuulize mliangukia wapi. Msiende kulia, nendeni kuuliza. Tena wengine huenda hamkuanguka hata kidogo: vyuo vyetu vina ugonjwa wa alama kupotea, mtu amefanya mtihani na mbele ya jina lake hapana kitu. Hiyo hufuatiliwa mapema, na anayefuatilia ni wewe.

Halafu pigeni hesabu. Katika vyuo vingi vya Kenya majaribio ya muhula hubeba alama 30, mtihani wa mwisho 70, na kupita ni 40. Aliyeingia mtihani na 8 za majaribio anatafuta 32 katika ile 70. Aliyeingia na 22 anatafuta 18 tu. Wote wawili wameketi chumba kimoja, jasho lao si moja. Nimewasikia mkisema "hilo ni jaribio tu", na hapo ndipo wengi wenu mlipoangukia, wiki ya tano, wala si Desemba. Na sapu yenyewe, vyuo vingi hukuandikia alama ya kupita tu hata ukifanya vizuri kupindukia. Isomeni kanuni ya chuo chenu, ni kurasa chache.

Sasa kusoma. Usiku napita madirishani mwenu, naona taa, naona kalamu za rangi, kitabu kizima kimepakwa manjano kama biriani. Mwanangu, huko si kusoma, huko ni kutazama. Chuo changu cha kwanza kilikuwa cha Kurani, na maalim wetu hakuuliza umesoma mara ngapi. Alikwambia funga, uso juu, lete. Ukikwama, unafungua, unatazama palepale ulipokwama, unafunga tena. Kesho kabla ya darsa mpya unaleta ya jana, na Alhamisi unaleta ya wiki nzima. Tulikuita kudurusu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885 kwamba kilichokaririwa huanza kumwagika saa zilezile za kwanza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia kwa mkupuo. Maalim wetu hakumjua Mjerumani huyo, ila bakora yake ilifuata ratiba hiyohiyo.

Fanyeni hivyo na thamodainamiki zenu. Soma ukurasa, funga, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu. Itakuuma, utaona huna kitu, na kuona huko ndiko kazi yenyewe. Siku ya pili rudia, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Mitihani iliyopita itafuteni, mjibu mkiwa mmetega saa, bila kuchungulia majibu. Anayechungulia anajidanganya kuwa angalijua.

Kukesha na muguka shavuni, yale majani ya kufukuza usingizi, sitaki kusikia. Usingizi ndio unaoyaweka mliyosoma mahali pake; ukiukata, umesoma bure na macho mekundu juu. Tena msimu wa kaskazi vyumba vyangu vya bati, nakiri, ni tanuri mpaka usiku wa manane. Lakini baada ya alfajiri kuna saa mbili za upepo. Hizo zitwaeni, simu mkiiacha chumba cha pili. Mwakenya nao, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, msinitajie: aliyekamatwa nao harudii mtihani, anafunga mizigo, nami nimeshawasindikiza wawili hadi kituo cha basi Mwembe Tayari. Mmoja alikuwa na akili kuliko mimi.

Yule wenu anayeendesha boda mchana na kusoma usiku, maneno yangu ya bakora hayakuhusu. Wewe njoo tuketi tuone ni yuniti ngapi unaziweza kwa muhula. Kupunguza mbili ukazipita zilizobaki ni bora kuliko kuzibeba zote mwaka hadi mwaka.

Na kama kuna ambaye halali, hali, na anawaza mabaya kwa sababu ya karatasi hii, huyo asingoje barua nyingine. Agonge mlango wangu hata saa nane za usiku.

Kuanzia Jumamosi baada ya isha nitawasha taa ya barazani na kutoa feni nje. Kila mtu aje na mtihani mmoja uliopita na karatasi tupu. Hisabati ya umeme bado naikumbuka, hiyo nyingine mtafundishana. Kahawa na kashata ni juu yangu. Kodi ya mwezi huu ni juu yenu, na tarehe tano haijasogea.

Babu yenu wa barazani