Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu: Mashamba ya mwani yaingie kwenye ramani

Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, mimi ni mkulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, na ndiye ninayeandika daftari la kikundi chetu. Bamvua lililopita, siku zile maji yanapokupwa mbali, nilipanda kutoka shambani saa sita mchana, kiroba cha mwani mbichi kichwani, maji yakinichuruzika mpaka miguuni. Nilipofika mahali ninapoanika miaka yote, nikakuta pamezungushwa kamba na pamepangwa viti vya kulalia. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akanipa shikamoo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: “Mama, nimeambiwa hapa pasianikwe tena. Wageni wanalalamika harufu.”

Sikugombana naye. Nikaubeba mwani mpaka uani kwangu, nikaumwaga juu ya mkeka wa zamani kwa sababu uwanja ni mdogo na kuku ni wengi. Usiku ikanyesha. Mwani ulionyeshewa kabla haujakauka hutoka chumvi, hupauka, na mnunuzi akiutia mkononi anajua. Kazi ya siku 45, tangu kufunga mbegu mpaka kuvuna, nikaipeleka kwenye mizani ikahesabiwa daraja la chini. Inachukua kilo saba au nane za mwani mbichi kupata kilo moja ya mkavu, Mheshimiwa. Hiyo kilo moja ndiyo iliyoshushwa daraja.

Siwalalamikii wageni. Mtoto wa dada yangu anapika katika hoteli na mshahara wake unalisha nyumba mbili. Ninachokuletea ni swali la mahali. Wizara yako ndiyo yenye dhamana ya kusema bahari hii itatumiwa vipi na nani: wapi watalii, wapi wavuvi, wapi ufugaji wa baharini, wapi hifadhi. Kina mama wa mwani tunalima eneo ambalo ukilitazama kwenye karatasi unaona maji matupu. Shamba langu lina umri wa miaka zaidi ya 20 na halina hata nukta.

Zamani haikuwa hivi. Kabla ya mwani, mama yangu na bibi yangu walikuwa watu wa makumbi. Walifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, wakayazungushia mawe, wakayaacha miezi yaoze na maji ya chumvi, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba za usumba. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake. Halikuwa na hati, lakini kijiji kizima kilijua hili ni la nani na lile ni la nani, na mtu kuligusa la mwenziwe ilikuwa aibu ya kusimuliwa. Mama alipofariki, shimo lake alirithi dada yangu, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1989 mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, utaratibu ule ule uliingia baharini. Mwenye mambo zake zilizopigiliwa mchangani (nasema vile vijiti tunavyofungia kamba) ndiye mwenye shamba. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka watu wazima wakicheka kwamba kina mama wanakwenda kulima majani ya bahari. Kicheko kilikwisha fedha ilipoingia. Mabati mengi ya kijiji chetu yalinunuliwa kwa mwani, sare za skuli zilinunuliwa kwa mwani, na wapo wanawake walioshika fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Leo wakulima wa mwani Zanzibar tunazidi 20,000 na wengi wetu ni wanawake. Sidhani kuna zao jingine visiwani lililompa mwanamke wa pwani sauti ndani ya nyumba yake kama hili.

Lakini ni zao la dunia, na dunia haituulizi. Mwani wetu mkavu hupakiwa ukapelekwa Ulaya, Marekani na China, ukatolewa karajinani, ule ute unaoshikisha dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Indonesia na Ufilipino wanazalisha mwingi kuliko sisi mara nyingi sana, kwa hiyo wakivuna vizuri kule, bei huku inateremka, na hakuna anayekuja kutueleza sababu. Tunaona tu siku ya kupima. Katika daftari langu kuna mwezi niliouza magunia mengi zaidi kuliko mwezi uliotangulia, nikapata fedha ndogo zaidi.

Na sasa joto. Hapa naomba nieleze kidogo, maana anayekaa mjini anaweza asione uzito wake. Tunashuka shambani wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapotoka mbali. Huku kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Ndiyo kusema maji yanakuwa machache kabisa wakati jua linapanda kuwa kali. Kile kidimbwi kinachobaki juu ya mwani kinapata moto kama maji ya kuoga, kinapita nyuzi 30 kwa mbali. Mwani unaanza kupauka kwenye shina, unakuwa mweupe kama ubavu wa samaki, unalainika, unakatika. Ukirudi kesho unakuta taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, zimening’inia tupu kwenye kamba.

Tuna mwani wa aina mbili. Spinosamu ni mvumilivu lakini bei yake ni ndogo. Kotonii ndiyo yenye karajinani inayotafutwa zaidi, na bei yake hufika maradufu, ila haistahimili joto. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika sehemu nyingi tulizokuwa tukiilima. Kwa ufupi, Mheshimiwa, bahari imetunyang’anya ile yenye fedha, ikatuachia ile ya shida.

Hatukukaa kitako. Dk. Flower Msuya, aliyeutafiti mwani wetu miaka mingi akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, amekuwa akisema kwamba dawa ni kuhamia maji ya kina, ambako hakupati moto hivyo, na alijaribu pamoja na kina mama nyavu za mirija, ndefu kama soksi, ambazo mwani hukaa ndani ukapona na mawimbi. Kidoti, kina mama wa kikundi cha Tusife Moyo walianza kutengeneza sabuni ya mwani, wakachanganya na mafuta ya nazi na viungo vya mashamba yetu. Jambiani wapo wanawake waliogeukia kulima sponji za kuogea, zinazoning’inia kwenye kamba katikati ya maji, na kabla ya hapo ilibidi wajifunze kuogelea. Najua mwanamke aliyezaliwa hatua 50 kutoka baharini, akalima bahari ile miaka 15, na siku ya kwanza ya kuingia maji yaliyompita kifua alitetemeka na kumshika mkono mwalimu kwa nguvu zake zote. Siku hizi anakwenda mwenyewe.

Watu wanaposema jamii zikabiliane na mabadiliko, hayo ndiyo makabiliano. Tumeyafanya. Kilichobaki hakimo ndani ya uwezo wetu.

Tukisema tuhamie maji ya kina, tunakutana na mashua za kuwatembeza wageni, na wale wanaoteleza juu ya maji kwa matiara makubwa. Kamba zao zikikutana na kamba yangu, yangu ndiyo inayokatwa, na sina pa kwenda kusema kwa sababu sina cha kuonesha kwamba pale ni pangu. Sheha anatusikiliza, ni mtu mwema, lakini anauliza: mna karatasi gani? Mwenye hoteli ana karatasi. Mwenye mashua ana leseni. Mimi nina mambo zangu za mti, na bahari ikichafuka wakati wa kusi hata hizo huondoka.

Nasikia tukiitwa mara kwa mara kwenye semina. Tumefundishwa kufunga mbegu, tumefundishwa ujasiriamali, tumepewa fulana. Nashukuru kwa yote, na aliyekuja kufundisha sabuni Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini ukinifundisha kulima vizuri zaidi shamba ambalo mwakani halitakuwapo, elimu hiyo nitaipeleka wapi?

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni moja. Kabla hamjatoa kibali kingine cha kutumia ufukwe au maji mbele ya vijiji vinavyolima mwani, pimeni mashamba yetu, myaandikishe kwa majina ya wanaoyalima, myatie kwenye ramani ya bahari. Mpime vilevile njia yake yote: pale tunapoteremkia, pale tunapoanikia, na lile eneo la maji ya kina ambalo tutahamia. Shamba la mwani bila uwanja wa kuanikia ni kama chungu bila mafiga. Na majina yaandikwe ya wanawake wenyewe. Nimeshaona mradi ulioleta boti kwa ajili ya kina mama, boti ikaandikishwa kwa jina la mwanamume mmoja kwa kuwa ndiye aliyejua kuiendesha, na baada ya msimu mmoja ikawa inavua samaki.

Mengine nayataja kwa ufupi. Bei ya siku ibandikwe ofisi ya sheha kabla ya mnunuzi kufika, na mizani ikaguliwe mbele yetu. Watoto wa kike wafundishwe kuogelea skuli, kwa staha na kwa mavazi yao, maana shamba la kesho liko kwenye maji yanayopita kimo. Tumesikia habari za kiwanda cha Chamanangwe kule Pemba na tunakiombea heri, kwani mwani ukisindikwa hapa nyumbani sehemu kubwa zaidi ya thamani yake itabaki kwetu. Lakini kiwanda kinakula mwani, Mheshimiwa, na mwani unahitaji pa kukaa.

Nakuomba uje. Si kwenye ukumbi. Njoo siku ya bamvua, saa mbili asubuhi, uvae viatu vya kuchafuka kwa sababu ya ncha kali za majabali, na uje na mpimaji mwenye chombo chake. Sisi tutateremka mapema. Kila mwanamke atasimama kwenye kijiti cha pembeni cha shamba lake, akiwa na kitambulisho chake mkononi, na mpimaji atapita kwa mmoja mmoja akichukua alama. Wajane watasimama, na wagonjwa tutawasimamia sisi. Maji yanaanza kurudi kama saa sita, kwa hiyo kwa shehia moja asubuhi moja inatosha.

Tarehe ya bamvua iko kwenye mwezi, hatuwezi kuibadilisha. Tuma salamu kwa sheha siku tatu kabla, nasi tutakuwa tayari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa mwani na katibu wa kikundi,
Pwani ya mashariki, Unguja