Kompyuta mpya ya bei ya chini, mnunuzi aiwashe mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu kompyuta mpakato za bei ya chini, zile mpya za prosesa ya Celeron au Intel N100, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 au 128, ambazo hununuliwa kwa wingi vyuo vinapokaribia kufunguliwa. Hazimalizi mwezi, nyingi zimeshaletwa kwa mafundi zikiitwa mbovu. Zilizo mbovu kweli ni chache. Nyingine ziliwashwa vibaya siku ya kwanza, au zinalaumiwa kwa kazi zisizo za saizi yake.

Kubwa linalotusumbua ni maduka "kumsaidia" mteja. Windows 11 Home haimalizi hatua za mwanzo mpaka ipate intaneti na akaunti ya Microsoft, basi kijana wa dukani anaingiza akaunti yake au ya duka, anakuandikia nenosiri nyuma ya risiti, unaondoka umefurahi. Usichoambiwa ni kwamba mashine nyingi za sasa, hasa zenye toleo la Windows la 24H2 lililotoka mwaka 2024, hufunga data zote kwa msimbo (encryption) mara tu akaunti inapoingizwa. Ufunguo wa kuzifungua una tarakimu 48, na huo hupelekwa kwenye akaunti iliyoingizwa, yaani ya muuzaji. Siku BIOS (programu ya msingi ya kuiwasha mashine) ikisasishwa, au bodi ikibadilishwa, kioo kinaweza kugeuka bluu na kudai tarakimu hizo. Muuzaji ameshahama duka au amesahau nenosiri. Hapo hakuna fundi wa kukutoa. Atakachoweza ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya, na tasnifu yako imekwenda nayo.

Kama mashine yako iliwashwa hivyo, ingia Settings, kisha Accounts, kisha Your info, usome barua pepe iliyopo. Ikiwa si yako na hujaweka kitu cha maana, njia safi ni kuifuta: Settings, System, Recovery, Reset PC, chagua Remove everything, ukiwa umechomeka chaja, kisha uanze upya kwa akaunti yako. Ikiwa kazi zako zimeshajaa humo, zinakili kwanza kwenye diski ya nje. Halafu ongeza akaunti yako ukiipa hadhi ya Administrator, ingia nayo, fungua Privacy & security, kisha Device encryption, uizime. Kufungua data kunaweza kuchukua muda mrefu, usiikatize. Ikimaliza, iwashe tena ukiwa ndani ya akaunti yako, kisha nenda account.microsoft.com/devices/recoverykey uhakikishe tarakimu 48 zipo. Ziandike kwenye karatasi na usiiweke karatasi hiyo ndani ya begi la kompyuta. Akaunti ya duka iondoe mwisho, baada ya kuuona ufunguo kwa macho yako.

Sasa, pale kaunta. Anza na chaja. Betri nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa zimelazwa, kwa hiyo kitufe cha kuwashia hakifanyi kitu mpaka umeme uingie. Watu wamerudisha mashine nzima kwa sababu hiyo tu. Ikikaidi hata na chaja, chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 bila kuachia, chomeka tena, subiri dakika chache ndipo ujaribu. Linganisha namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya mashine na ile ya boksi. Zikitofautiana, usilipe.

Ikishawaka kwa akaunti yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, nenda Performance, usome RAM. Hifadhi iliyoandikwa GB 64 itaonekana kama GB 58 hivi, na hapo hakuna aliyekuibia: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na sehemu ndogo imetengwa kwa ajili ya kujirekebisha. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Tazama Design capacity (uwezo wa betri ilipotengenezwa) na Full charge capacity (uwezo wake wa sasa). Kwenye mashine mpya namba hizo hukaribiana sana, na Cycle count (mizunguko ya kuchaji) huwa sifuri au karibu yake. Ukikuta 200, umeuziwa iliyotumika na kusafishwa. Andika pia slmgr /xpr. Jibu likisema imeamilishwa daima, ni dalili njema, ingawa peke yake halithibitishi kwamba leseni ni halali. Likikupa tarehe ya kuisha, hasa ya miezi sita mbele, hiyo ni Windows ya ujanja.

Amri hizo zikikataa, huenda mashine iko kwenye S mode. Hali hiyo huruhusu programu za Microsoft Store peke yake, na ndiyo sababu ya wengi kulalamika kwamba "Chrome haiingii". Si ugonjwa. Ingia Settings, System, Activation, ufuate kiungo cha kutoka S mode. Ni bure, ila ukitoka huwezi kurudi.

Halafu kuna uzito wa siku ya kwanza. Mpya yoyote hupakua masasisho, hukagua virusi na kupanga mafaili yake kwa saa kadhaa, na kwenye hifadhi ya eMMC (aina ya bei ya chini na ya polepole) kazi hiyo huigandisha kabisa. Kwenye Task Manager utaona Disk imefika asilimia 100. Iache usiku kucha kwenye chaja na waifai, asubuhi bonyeza Restart. Si Shut down, kwa sababu Windows ikizimwa kawaida huhifadhi sehemu ya kumbukumbu na kuirudisha ilivyokuwa. Kisha ondoa antivairasi ya majaribio iliyokuja nayo. Iliyomo ndani ya Windows inatosha, na kuongeza mzigo kwenye GB 4 ni kujitafutia shari. Anayetumia bando la simu awashe Metered connection kwenye mtandao huo, maana masasisho ya mwanzo hula GB kadhaa bila kumwuliza.

Hotspoti ya simu isipoonekana ilhali mitandao ya jirani inaonekana, tazama simu kabla ya kulaumu kompyuta. Baadhi ya mashine hizi zina waifai ya 2.4 GHz pekee na simu inarusha 5 GHz. Badilisha bendi kwenye simu. Kwenye iPhone washa Maximise Compatibility. Kamera nyeusi, angalia kifuniko chake kidogo kwanza.

Ujumbe wa nafasi kujaa nao huchanganya watu. Mara nyingi ni OneDrive, iliyojaza GB 5 zake za bure kwa mafaili ya Desktop na Documents, wakati diski yenyewe bado ina nafasi. Lakini kwenye GB 64 diski kujaa kweli hakuko mbali, na sasisho kubwa litakwama. Chomeka flashi au diski ya nje yenye GB 10 wazi; Windows itakubali kuitumia kwa muda.

Chaja ikipotea, soma kibandiko cha ile ya zamani. Volti lazima zilingane, ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Mashine inayochaji kwa USB-C mara nyingi inataka wati 45, na chaja ndogo ya simu haitafua dafu. Ile adapta nyepesi ya pini mbili inayokuja ndani ya boksi itupe. Inacheza kwenye soketi zetu na kutoa cheche. Nunua waya wa pini tatu.

Yapo ambayo mpangilio hauyatibu. RAM iliyochomelewa kwenye bodi haiongezwi, na GB 4 zitabeba Word, barua pepe na kurasa chache za intaneti. Ukiongeza mkutano wa video, itapumua kwa shida. eMMC nayo, hata kwenye karatasi, haivuki megabaiti 400 kwa sekunde, wakati NVMe (aina ya SSD) ya bei nafuu hupita 1,000. Kwa mwanafunzi wa uhasibu inatosha. Kwa wa usanifu majengo, asipoteze hela.

Ndiyo maana tunawaomba wenye maduka mambo mawili yasiyo na gharama. Bandikeni kwenye boksi kama hifadhi ni eMMC au SSD, na kama RAM inaongezeka. Na mashine iacheni kwenye ukurasa wa kwanza wa kuchagua nchi, mteja aingize akaunti yake mwenyewe hapo hapo, hata kama foleni ni ndefu.

Fundi kompyuta,
Morogoro